Mtu Niliyesema Simjui

Tulikuwa wanne kwenye dirisha la ofisi hapa Kamina: karani, mama muuza samaki, rafiki yangu aliyekimbia wanamgambo kule Malemba-Nkulu, na mimi. Rafiki alinishika mkono wa koti, akaanza tena kusimulia jinsi nyumba yake ilivyochomwa.

“Papa, uyu muzee iko wa kwenu?” karani akaniuliza.

“Simjui,” nikajibu, mimi ninayesahihisha majina ya watu hata kwenye matangazo ya vifo.

Rafiki aliliachia koti, akalinyoosha kwa kiganja. “Pardon, Papa.”

Ningeweza kumwambia, “Leo nimechoka, njoo Jumapili baada ya misa, nitakusikiliza.” Hiyo ilikuwa haki yangu. Kumkana hakukuwa haki yangu.

Jumapili nilikwenda kwake kumwomba msamaha. Alikuwa amekufa Ijumaa.