Mama Uzi na Kitasa cha Kabati

Mtaani walimwita Mama Uzi kwa sababu nguo yake haikukosa kipande cha uzi, na miaka yote aliyokaa nyuma ya cherehani hakuwahi kushika chuma kikubwa kuliko mkasi. Sasa mtu kama huyo aliingiaje kwenye mambo ya kufungua vitasa bila ufunguo?

Msiba ndio uliomwingiza. Baba yake, seremala aliyeitwa Fundi Mashoto kwa vile mkono wake wa kulia ulikuwa wa kushikia kikombe tu, alifariki. Nyumba ikafurika watu, na walipotawanyika ufunguo wa kabati la chumbani haukuonekana tena. Kabati lile marehemu alilitengeneza mwenyewe mwaka aliooa. Mama mjane, aliyekuwa ahamie kwa mwanawe wa kiume, akasema hahami bila kabati lake, na asithubutu mtu kulitia tindo. Hata fundi kufuli hakumtaka, hataki mgeni aliguse. Kaka mtu naye akaapa kwamba mwisho wa mwezi gari la kuhamisha likija, mlango ule atauvunja, maana kabati zima halipiti mlangoni bila kufunguliwa na kutenganishwa, liwalo na liwe.

Basi Mama Uzi akamfuata fundi kufuli wa pale kona, amfundishe.

“Sharti langu ni moja,” fundi akamwambia. “Unafungua chako, au cha aliyekuomba. Cha mwingine hata kikikuchekea, pita.”

Akampa kufuli alilolikata ubavuni ili la ndani lionekane. Loh! Mama Uzi akachungulia, akasahau hata kufunga mdomo. Vipini vidogo vya shaba vimejipanga mstari, kila kimoja na urefu wake, kila kimoja kimesukumwa na springi nyembamba. Ufunguo ukiingia vyote vinapanda, kila kimoja kinakoma mahali pake hasa, na silinda, ile ya kati inayopokea ufunguo, inakubali kuzunguka. Maisha yake yote alikuwa akifungua milango huku anawaza mboga, kumbe kila mara kazi yote hiyo ilifanyika mkononi mwake!

“Aliyebuni kitu hiki,” akauliza, “alikuwa analala kweli?”

Akaanza kujifunza. Chuma kilichopindwa kinasukuma silinda kidogo, waya wenye ncha ya ndoana unainua vipini kimoja kimoja. Mwanzoni hakupata kitu ila vidole vyekundu. “Unakaba,” fundi akamcheka. “Hiyo si shingo ya kuku.” Ndipo akakumbuka cherehani yake: uzi ukikazwa mno unakatika, ukilegea mshono unaharibika. Akalegeza kwa kipimo hicho hicho. Kti! Ni mlio mdogo, kidole kiliusikia kabla ya sikio, na mwili ukamsisimka wote. Kufuli likafunguka. Alilifunga akalifungua tena, asiamini. Wateja wakapata la kusema: “Mama Uzi, tukuletee suruali au tufiche vyombo?”

Lakini kabati lilimgomea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama mpaka magoti yakaota sugu. Vipini vyote vilipanda, silinda ikajongea kidogo upande wa kulia, kisha ikagota. Akadhani kuna kipini kingine kimejificha. Alikitafuta kila jioni, asikione.

Siku ikafika. Gari nje linanguruma, kaka kasimama mlangoni na nyundo na tindo. Mama ameketi kitandani. Tangu mazishi hakuna aliyemtajia marehemu. Kuuliza si ujinga, lakini nani angekuwa na moyo wa kumuuliza mjane habari za mumewe?

“Basi, dada,” kaka akasema. “Umejitahidi. Nipishe.”

“Kwani unageuzia huko kwa nini?” mama akauliza ghafla.

“Ndivyo vinavyofunguka, mama.”

“Vya watu! Hicho alikiweka baba yako.” Akainua mkono wa kushoto hewani, akaugeuza taratibu kuelekea kushoto, kama alivyouona ukigeuka kila asubuhi ya ndoa yake.

Mama Uzi akahamisha chuma upande wa pili. Kti. Kti. Silinda ikazunguka yote, laini, na mlango ukafunguka kwa mlio wake ule wa siku zote. Harufu ya mbao ikajaa chumba. Koti la baba lilikuwa pale, na nyuma ya mlango wa kabati, kwenye msumari, ulining'inia ufunguo wa akiba, umefungwa utepe ili usipotee.

Mama akautazama. Akaanza kucheka, cheko la kwanza tangu mazishi, akacheka mpaka machozi. “Mzee huyu! Nilimwambia auweke mahali salama!”

Kaka akaificha nyundo nyuma ya mgongo. Mama akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akasogea ukingoni mwa kitanda.

“Lifunge, mwanangu,” akasema. “Kisha fungua tena kwa hivyo vyuma vyako. Polepole, niuone mkono unavyogeuka.”