Kufuli la Kisima

Nyumba ya mama yangu iliungua Jumapili moja ya mwezi wa nane, yeye akiwa kanisani. Mimi nilikuwa Masasi, ninakofanya kazi, na nilipofika Newala alasiri ile hapakuwa tena na moto wa kuzima. Kulikuwa na kuta, bati zilizojikunja, na harufu kali ya mafuta ya maganda ya korosho. Nilitoa daftari nikaanza kuandika nilichokiona. Ndiyo tabia yangu. Nikikosa la kufanya, naandika.

Chanzo kilijulikana mapema. Mama hubangua korosho kidogo za kula nyumbani, na maganda alikuwa akiyaweka kwenye viroba chini ya upenu wa jiko ili ayatumie kuwashia moto. Huku kila mtu anajua ganda la korosho linavyowaka. Asubuhi ile alichemsha chai, akafunika makaa kwa majivu, akaenda ibadani. Upepo wa mwezi wa nane huku juu ukafukua majivu, cheche ikapata kiroba, kiroba kikapata upenu, upenu ukapata mbao za paa.

Kilichochelewa kujulikana ni kwa nini hakuna aliyemwaga maji.

Nyumba yetu, kama nyingi za Newala, inaishi kwa paa lake. Mvua ikinyesha, maji ya batini hukusanywa na mfereji, hushuka kwa bomba, huingia kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa uani. Baba alikijenga kisima hicho kabla ya kuezeka sebule. Maji yake ndiyo tunayokunywa na kupikia mpaka msimu mwingine wa mvua. Kina mdomo mmoja, mfuniko wa chuma na kufuli. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao ulikaa kwenye pindo la khanga ya mama siku zote isipokuwa Jumapili. Gauni la kanisani halina pa kufungia ufunguo, kwa hiyo Jumapili ulilala chini ya godoro.

Siku ya moto kisima kilikuwa na maji zaidi ya nusu. Majirani walizima kwa mchanga, kwa majembe na makarai, wakiwa wamesimama hatua kumi kutoka kwenye maji hayo.

Wiki za kwanza mama alilala kwenye stoo ya korosho, ambayo iko mbali na nyumba na haikuguswa. Nilimwambia twende Masasi.

"Chumba kipo, Mama. Na bomba lipo."

"Bomba lenu linatoka siku ngapi kwa wiki?"

"Tatu. Nne zikizidi."

"Kisima changu kinatoka siku saba."

"Kisima bila paa ni shimo, Mama. Na wewe una miaka zaidi ya sabini. Utanunua maji ya madumu mwaka mzima?"

Hilo alilipima. Amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, na hoja iliyonyooka huipa haki yake hata ikimuumiza. Mwishowe alisema, "Basi tuwekeane sharti. Mvua ya kwanza ikiingia kisimani kupitia paa langu, nabaki. Ikinikuta sina paa, utanipakia kwenye gari, na sitafungua mdomo mpaka Masasi."

Nilikubali, na nakiri kwamba nilikubali kwa sababu niliamini mvua ingemkuta. Chumba cha Masasi nilikipaka rangi wiki ileile.

Kila Jumamosi nilipanda Newala. Fundi tulimpata kutoka Mnyambe, mtu mwenye maneno mengi na mkono mzuri. Siku ya kwanza alizunguka kuta zote akigonga kwa mpini wa nyundo na kutega sikio.

"Huu mzima. Huu mzima. Huu unalia kama debe tupu, plasta yote itabanduka. Na huu, Mwalimu," alisema alipofika ukuta wa jiko, "huu tuuombee tu."

"Tuliuombea Jumapili, uliungua," mama alijibu. "Ubomoe."

Lenta za juu ya milango na madirisha ya nyuma zilikuwa zimepasuka kwa joto, zikahitaji kumwagwa upya. Zege linataka maji, na maji yalikuwa yale yale ya kunywa. Kufuli lilikuwa limekatwa siku ya pili baada ya moto, kwa ruhusa yake. Kila asubuhi mama alitumbukiza kijiti chake chenye alama, akasoma maji yalipofika, ndipo akamchotea fundi ndoo za siku ile.

"Ya zege nakupa. Ya kuoshea kuta sina."

"Masizi hayatoki kwa maneno, Mwalimu."

"Hayo yatatoka kwa brashi."

Wageni nao alikuwa akiwapa maji nusu kikombe. Si uchoyo. Kiangazi hapa Newala mgeni hupewa nusu, akimaliza huongezewa, ili yasibaki ya kumwagwa.

Mwezi wa tisa nilianza kuwauliza majirani kuhusu siku ya moto, mmoja mmoja. Wengi walisema walikuta kufuli. Nilipovuka barabara kwa mama jirani anayeuza mbaazi na kunde, yeye aliendelea kuchambua na hakuniangalia.

"Nilikuwa wa kwanza kufika," alisema. "Na shoka nilikuwa nalo."

"Kufuli lile mapigo mawili tu, Mama Mdogo."

"Moja. Nilishaliinua shoka."

"Sasa?"

"Nikajiuliza, nyumba ikipona, kesho Mwalimu atasema nini? Atasema aliyezoea kufungua usiku sasa amefungua mchana." Alipuliza makapi. "Nikashusha shoka, nikachukua karai la mchanga."

Nilijua alichokuwa akikisema. Miaka miwili nyuma, kijiti cha mama kilionyesha maji yakishuka zaidi ya alivyochota. Hakumshtaki mtu. Alisimama tu kando ya barabara akamwambia mpita njia, kwa sauti ya darasani, "Kisima changu kimeota miguu, sasa kinavuka barabara." Ng'ambo ile kuna nyumba moja. Na hapa kwetu mtu akikuibia kuku utamcheka ukishapoa, lakini mwizi wa maji ya kisima hakai na watu vizuri tena.

Niliyaandika maneno ya jirani kama alivyoyasema. Jioni nikamsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula.

Katikati ya mwezi wa kumi maji yalikuwa yameshuka kwa ajili ya zege. Fundi alikuwa akiinama kuchota, tochi mdomoni, akakaa vile kwa muda mrefu. Akaitoa tochi.

"Mwalimu, kisima hiki kina ufa."

"Wapi?"

"Upande wa mkorosho. Mzizi umesukuma ukuta. Ni ufa wa zamani, umeshaota kutu ya udongo. Maji yakifika hapo yanajiendea zake. Yakishuka chini yake yanatulia."

Mama alileta kijiti. Fundi akashuka kwa ngazi, akakisimamisha sakafuni kando ya ufa.

"Alama ya saba."

"Rudia."

"Ya saba, Mwalimu."

Sikuhitaji daftari kuelewa, na yeye pia. Kila mwaka alilalamika kwamba maji hukimbia mwanzoni kisha hutulia, na kila mwaka yalitulia kwenye alama ya saba. Alidhani ni kwa sababu mwizi huogopa kisima kikishuka. Alirudi kukaa kwenye kizingiti cha stoo na kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Ufa ulizibwa siku iliyofuata. Kisha mama alinituma sokoni nikanunue kufuli jipya, nikarudi nalo na funguo zake tatu. Mmoja aliufunga kwenye khanga. Mmoja alinipa mimi. Wa tatu aliushika mkononi, akajitanda vizuri, akavuka barabara mchana kweupe watu wakimwona. Nilimfuata nikiwa nimebeba bakuli la ule mchele, zawadi ya jirani, na bakuli lenyewe halikuwa la kurudishwa.

"Hodi."

"Karibu, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Ni ufa."

"Ufa gani, Mwalimu?"

"Kisimani. Kilikuwa kinavuja. Hakikuwa na miguu."

Jirani alitikisa ungo mara mbili. "Miaka miwili nimekuwa mwizi. Wanangu walikuwa wakipita mbali na ua wako."

"Najua."

"Umejua jana."

"Nimejua jana," mama alikubali. Aliuweka ufunguo kwenye ungo, juu ya kunde. "Nimekukosea, mwanangu. Ukiona moshi, fungua. Ikinyesha mimi sipo, fungua."

"Na nikiona kiu?"

Mama alifikiri. "Hapo gonga kwanza."

Jirani alicheka kabla hajaamua kucheka. Ufunguo aliuacha pale kwenye kunde mpaka tulipoondoka; kama aliuchukua baadaye sikuona.

Mwezi wa kumi na moja kazi ilihamia juu. Fundi alitaka kuezeka kama inavyoezekwa nyumba yoyote, kenchi zote za mbao kwanza, kisha bati pande zote mbili. Mama alikataa. Alitaka upande wa kisima umalizike, na mfereji wake, kabla hajagusa upande mwingine.

"Nyumba yenye nusu paa, Mwalimu, ni kama mtu aliyenyolewa upande mmoja."

"Nywele zitaota. Nyoa upande wangu."

Vyumba viwili vilivyokuwa chini ya nusu hiyo, sebule na chumba chake, vilianza kupakwa rangi huku nyuma kukiwa wazi mpaka mbinguni. Nilileta rangi nyeupe kutoka Masasi, nikampa fundi nikiwa na haraka ya kuona pahali pamoja pasafi. Baada ya siku tatu madoa ya kahawia yalitokeza ukutani, makubwa kama sahani.

"Moshi haujahama," fundi alisema. "Tumeufunika shuka tu." Ikabidi apake rangi ya mafuta kwanza, aiache ikauke, ndipo nyeupe irudi juu yake.

Sebuleni palikuwa na kipande cha ukuta ambacho moshi haukukigusa, cha mraba, pale ilipoungua picha ya harusi ya Baba na Mama. Fremu ilikinga ukuta mpaka dakika ya mwisho. Fundi aliniuliza kama apitishe brashi juu yake. Mimi ningekiacha. Mama alipita akatazama, akasema, "Paka. Mraba usio na picha wa nini?" Halafu akachagua rangi ya udongo mwekundu kutoka sakafuni mpaka kiunoni. Watu wengine, alisema, huchagua rangi wanayoipenda. Yeye anachagua ya uchafu ambao hataki kuuona.

Mawingu yalianza mapema mwezi wa kumi na mbili. Ijumaa usiku nilipigiwa simu na fundi kwamba mfereji umekaa, ila kipande cha mwisho cha bomba, kile kinachoingia kisimani, hakijafungwa. Kiungo kilikuwa kinafuatwa Tandahimba na kingefika Jumatatu. Nyumba haikuwa na mlango wa nyuma, haikuwa na dari. Nikaona muda umekwisha. Jumapili asubuhi nilikodi gari dogo la mizigo, nikamwambia dereva tunakwenda kumhamisha mtu mzima, aendeshe taratibu wakati wa kurudi.

Mvua ilitukuta tukipanda. Ilikuwa mvua ya kweli, ile inayofanya dereva asimame kando angoje. Niliangalia saa na kuhesabu: ibada ilikuwa haijaisha, mama alikuwa kanisani, ufunguo wangu ulikuwa mfukoni mwangu, na bomba halikuwa limefungwa. Sharti lilikuwa likiamuliwa pale uani na mimi nimeketi garini.

Tulipoingia nilimwona jirani kwanza. Alikuwa amepiga magoti kando ya kisima, khanga imemganda mwilini, mfuniko wazi, na lile bomba lisilofungwa amelikumbatia kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu, lakini alikuwa ameyaelekeza kwenye migomba, siyo kisimani.

"Yanapotea, Mama Mdogo."

"Ya kwanza lazima yapotee. Angalia rangi." Yalikuwa meusi, yakibeba majivu, vipande vya mbao na vumbi la kukata bati. "Shika hapa. Usiliachie."

Nililishika. Alikinga kiganja, akatazama, akamwaga. "Bado." Akakinga tena. "Bado." Mara ya nne au ya tano aliyaonja. "Sasa."

Tulilisogeza bomba pamoja mpaka likaingia mdomoni mwa kisima. Sauti ilibadilika, ikawa ya chini, ya kitu kinachopokelewa. Tulikaa vile tumelishikilia mpaka mvua ilipopungua. Ndipo mama akaingia uani, viatu mkononi, gauni la kanisani limelowa mpaka magotini. Hakunisalimia.

"Umemwaga ya kwanza?" alimuuliza jirani.

"Nimemwaga, Mwalimu."

"Mpaka yakawa meupe?"

"Mpaka yakawa meupe. Mwulize mwanao, alitaka tuingize masizi."

Mama aliinama, akatumbukiza kijiti, akakitoa na kusoma. Kisha alifunga mfuniko, akabana kufuli, akatazama gari lililokuwa limeegeshwa kando ya mkorosho, tupu, na turubai lake nililolikodi ili vitu vyake visilowe.

Dereva alikuwa amesimama chini ya nusu paa. "Shikamoo, Mama. Mzigo uko wapi nipakie?"

"Marahaba, mwanangu. Mzigo umeshaingia kisimani." Akanigeukia. "Ametoka mbali huyu. Mpe maji anywe."

Niliingia ndani kupitia mahali ambapo mlango wa nyuma haukuwepo bado. Nilikuta kikombe, nikachota mtungini, nikakijaza nusu kwa mazoea.

"Jaza," mama alisema kutoka nje.