Maneno mawili, "mbegu bora", katika uzi wangu wa pombe ya mtama yalivyokaribia kumuua mama yangu mkubwa

Wakuu, nawasalimu. Walionizidi umri, shikamooni.

Ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu, na sehemu yake iliyo mbaya zaidi niliiandika kwa mkono wangu. Nimesubiri wiki sita ili hasira ipungue ndipo nije jukwaani. Haijapungua. Basi naandika nayo.

Baadhi yenu mtakumbuka kwamba mwaka juzi nilianzisha uzi kuhusu pombe za nyumbani ambazo mtu akishazipika mara moja atazirudia tena na tena. Niliweka tatu: rubisi ya ndizi, wanzuki ya asali, na pombe ya mtama ya mama yangu mkubwa, ambayo kwangu mimi haina mpinzani.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika sayansi ya chakula, ninaishi Buhongwa, Mwanza. Mama mkubwa Nyanzala ni dada wa marehemu mama yangu. Anaishi Igoma, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la nne. Hakusoma. Pombe yake haiuzwi kilabuni. Anapika kwa harusi, kwa matanga na baada ya mavuno, na watu wakishaionja hutafuta sababu ya kurudi kesho yake.

Ili kuandika ule uzi nilikaa naye jikoni siku nane, na mizani, kipimajoto na daftari.

Yeye hupima joto la uji kwa kidole. Anakitumbukiza mara tatu haraka haraka, na kikikataa kuingia mara ya nne, uji bado ni wa moto mno kutiwa kimea, yaani ule mtama uliooteshwa na kukaushwa. Nilipima nyuma yake kila mara. Tofauti kati ya siku na siku haikufika nyuzi mbili. Nilistaajabu sana, nikamwambia. Akacheka, akasema, "Kumbe hicho kidude chako nacho kinajua."

Nikayageuza maneno yake kuwa maandishi safi. Hatua kwa hatua, kwa namba. Hatua ya kwanza niliiandika hivi, na naomba muisome taratibu: "Andaa kilo nne za mbegu bora za mtama zenye uwezo mkubwa wa kuota."

Mwishoni kabisa, baada ya hatua kumi na nne, niliweka sehemu ya tahadhari. Nilionya kwamba mizizi na machipukizi ya mtama uliooteshwa lazima yaondolewe kabla ya kusaga, kwa sababu yana sumu. Nikaonya pia kwamba mtama usiwe umetiwa dawa ya aina yoyote. Niliandika. Upo ushahidi humu humu jukwaani, nendeni mkausome.

Uzi ule ulipokelewa vizuri. Halafu mwanachama mmoja, ambaye jina lake la hapa silitaji kwa sababu simfahamu na wala sitaki kumfahamu, akazipiga picha zile hatua kumi na nne. Akaikata picha hapo hapo, tahadhari ikabaki nje. Akaweka maua pembeni na sufuria inayotoa moshi. Ikaanza kuzunguka kwenye magrupu. Mimi niliiona mara moja, nikatabasamu, nikapita.

Hilo tabasamu linanichoma hadi leo.

Sasa twende mwezi wa saba mwaka huu.

Kabula, mtoto wa mwisho wa mama mkubwa, alikuwa anatolewa mahari. Wakwe walikuwa wanakuja Jumapili kutoka Mkuyuni, na pombe ya nyumbani ilikuwa lazima. Kwa bahati mbaya mama mkubwa alikuwa ameteleza bombani na kuvunjika kiganja. Mkono umefungwa plasta. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, kazi ya kimea akamwachia mtu mwingine: Pendo, mke wa mtoto wake mkubwa.

Pendo ana mwaka mmoja tu katika nyumba ile. Ni mwanamke mchapakazi, na kama wakwe wengi wapya, aliona aibu kuuliza jambo lile lile mara mbili. Mama mkubwa alimwambia mara moja, kwa haraka, akiwa na maumivu. Pendo akaitikia. Alipobaki peke yake akafungua simu.

Mimi nilifika Jumamosi, saa sita mchana.

Nilimkuta mama mkubwa amelala ndani, uso umemshuka. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Nikamuuliza tatizo ni nini.

"Tumbo, mwanangu. Tangu jana jioni. Na ulimi kama umekufa ganzi. Itakuwa hizi dawa za mfupa."

Uani mjomba Lushinge, mdogo wake, alikuwa anawachimbia shimo kuku wanne waliokufa.

"Msomi wetu umefika," akasema. "Kideri hiki. Kila kiangazi kinatutembelea kama mgeni wa kudumu."

Wakuu, mimi nina tabia ya kufikiri kupita kiasi. Nimelaumiwa kwa hilo nyumbani na chuoni. Lakini kideri kikiingia mtaani hakichagui banda. Nikachungulia kwa jirani. Kuku wake walikuwa wazima, wanaparua ndani ya wavu wao. Hawa wetu hufunguliwa wazunguke. Nikajiuliza wanazunguka wapi, macho yakaenda kwenye mkeka wa kuanikia kimea, na punje zilizomwagika pembeni yake.

Halafu nikakumbuka kwamba mama mkubwa huwa hakipeleki kimea mashineni kabla hajakitafuna. Anachukua kiganja kizima, anatafuna, anatema makapi, ndipo anasema kama utamu umefika. Hajawahi kuruka hatua hiyo. Ni hatua ya saba katika uzi wangu.

"Mama mkubwa alikionja kimea lini?" nikamuuliza Pendo.

"Juzi. Akasema kina uchungu kidogo. Mjomba akamwambia ni mdomo wa mgonjwa. Jana akarudia kukitafuna kabla sijakipeleka mashineni."

"Na huu mtama ulinunua wapi?"

Akainua mkono bila wasiwasi, akanionyesha kamba ya nguo. Katikati ya sare za shule za watoto zilikuwa zimeanikwa pakiti nne za nailoni, zimefuliwa vizuri, zimebanwa kwa vibanio. Alitaka kuzitumia kuwekea chumvi na dagaa.

Zilikuwa pakiti za mbegu za kupanda. Nyuma yake, kwa herufi ndogo kuliko za kipeperushi chochote, palikuwa na alama ya fuvu na maneno yanayosema mbegu zimetiwa dawa, zisiliwe na mtu wala mnyama.

"Pendo, hukuona rangi?"

"Niliona, dada. Nilipoosha, maji yakatoka mekundu. Nikasema si ndiyo mtama mwekundu." Akaanza kuzianua zile pakiti. "Dukani niliomba mbegu bora za mtama kama ilivyoandikwa. Nikaona ni ghali, nikasema kweli hizi zitakuwa bora."

Akanipa simu. Maua. Sufuria ya moshi. Na chini yake sentensi yangu, neno kwa neno, pamoja na ule "uwezo mkubwa wa kuota" nilioupenda sana nilipokuwa naandika.

Niliisoma mara tatu. Nilijua kila koma niliiweka mwenyewe.

Nikampigia simu kaka, mume wa Pendo, atafute gari. Nikawaambia waliokuwepo kwamba pombe yote, mapipa mawili, inamwagwa.

Hapo mjomba Lushinge akatupa jembe.

"Inamwagwa na nani? Wakwe wanakuja kesho. Wewe ukishaingia maabara zenu unaona kila cha nyumbani ni sumu. Mimi nimeinywa pombe hii kabla hujazaliwa."

"Hii si ile, mjomba."

"Basi tufuate utaratibu. Kesho mwenye pombe ataonja kwanza mbele ya wageni, kama siku zote. Yeye akimeza, na sisi tutameza. Akikataa, ndipo tumwage."

"Ameshaonja, mjomba. Ndiyo maana amelala."

Aliangalia mlango wa chumba cha dada yake, kisha akaangalia shimo la kuku. Baadaye akaokota jembe na kuanza kulipanua shimo bila kuambiwa. Alichimba hadi likamfika kiunoni, na mapipa yote mawili yakaingia humo, mbali na mtaro unaoshuka ziwani.

Mama mkubwa alilazwa siku nne. Daktari alipouliza amekula nini, nilimpa pakiti. Siku ya kwanza misuli ya mikono ilikuwa inamcheza yenyewe na hakunitambua. Alikuwa ananiita kwa jina la mama yangu. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Siku ya tano alirudi nyumbani. Amepona, namshukuru Mungu.

Wakwe walikuja Jumapili ile, yeye akiwa bado hospitalini, wakanywa soda, wakaondoka mapema. Mahari ilipokelewa. Lakini mtaani habari zikatangulia kwamba pombe ya Nyanzala ina sumu, na kwa mwanamke ambaye maisha yake yote amekuwa wa kwanza kuonja ili wengine wasiwe na hofu, sijui kama kuna maneno makali zaidi ya hayo.

Sasa hasira yangu.

Nilikwenda kwenye duka la pembejeo. Nilimuuliza muuzaji, kwa adabu niliyoikusanya njia nzima, ni mkulima gani wa Mwanza anayepanda mtama mwezi wa saba, jua hili, na kama hakuona ajabu kumuuzia mama kijana kama Pendo, aliyeingia dukani na ungo mkononi. Akanijibu, "Dada, mimi nauza mbegu. Mteja hakuniambia anakwenda kuzinywa."

Nilimwandikia aliyetengeneza picha aifute na aweke tahadhari. Alinijibu baada ya siku mbili: "Tulia dada, ujuzi ni wa wote. Ungeniambia asante nimekutangazia."

Ujuzi ni wa wote. Sawa. Mbona tahadhari hukuitaka iwe ya wote? Ulikata kwa sababu haikutosha kwenye picha yako. Ulihitaji nafasi ya maua.

Nilipanga kuumalizia uzi huu hapo, wakuu. Nilikuwa na washtakiwa wawili na ushahidi wa kutosha.

Wiki iliyopita nilikwenda Igoma. Mama mkubwa, plasta imeshatolewa, alikuwa amekaa kibarazani anapepeta. Akaniambia, "Hebu nisomee hayo maneno yangu uliyoyaandika. Watu wote wameyasoma isipokuwa mimi."

Nikafungua uzi wa mwaka juzi. Nikaanza na hatua ya kwanza. "Andaa kilo nne za mbegu bora za mtama..."

Akaninyooshea kidole nisimame.

"Mbegu umeitoa wapi?"

Nikainua macho kutoka kwenye simu.

"Mimi nilikwambia mtama. Mbegu ni ya kutia ardhini. Ya kutia chunguni inaitwa mtama. Nani alikwambia mbegu?"

Nikafungua daftari langu la jikoni, ukurasa wa kwanza wa zile siku nane. Maneno yake niliyaandika kama alivyoyatamka: "Chukua mtama wa kula, wa mwaka huu." Basi. Mbegu haimo. Bora haimo. Niliyaongeza mwenyewe usiku wa kuchapa, kwa sababu "mtama wa kula" niliona si lugha ya mtu wa uzamili.

Na wote tunajua "mbegu bora" ni nini. Mabwana shamba wametuimbia maneno hayo tangu tukiwa watoto. Pendo hakukosea kusoma. Alisoma sawasawa kile nilichoandika, akakitekeleza kwa uaminifu hadi mwisho.

Nilimwomba mama mkubwa msamaha. Alirudi kwenye ungo wake. Alipomaliza kupepeta akasema, "Kamwite Pendo. Tuloweke."

Tumeloweka. Naandika haya nikiwa kwake, kimea kiko juani siku ya pili, na kuku wamefungiwa. Kwa hiyo hii ndiyo pombe ninayoirudia, kwa maneno yake na si yangu:

Chukua mtama wa kula, wa mwaka huu, sokoni kwa mtu anayeuza unga pia. Osha, maji yakitoka na rangi ya kuchovya nguo, tupa. Loweka usiku mmoja, tandaza juu ya gunia, funika, nyunyizia maji asubuhi na jioni hadi mizizi ishikane. Anika mpaka ukauke kabisa, pekecha kwa viganja mizizi na machipukizi yote yatoke, pepeta, saga chenga. Pika uji mzito wa unga wa mahindi, subiri kidole kikubali mara ya nne, ndipo utie nusu ya kimea. Acha hadi kesho uchachuke. Uchemshe tena, upoe kabisa, tia nusu iliyobaki, funika kwa kitambaa. Siku ya pili utausikia unanong'ona. Chuja.

Nilichojifunza ni kwamba tahadhari haikai mwisho wa maandishi, inakaa kwenye neno lenyewe la kwanza. Na mtu asiyesoma akikwambia neno, liandike hilo hilo.

Mliosambaza ile picha, tafadhali rudini kwenye kila grupu mlikoiweka. Mwenye tusi aandike, nimejiandaa. Na mwenye pombe ya kwao atuwekee hapa chini, lakini akamuulize kwanza mama yake anaziitaje zile punje.

Uzi wa mwaka juzi nimeomba urekebishwe. Hatua ya kwanza sasa ina maneno saba: Chukua mtama wa kula, wa mwaka huu.

Mama mkubwa ameniambia nimsomee tena ili awe na uhakika. Nimemsomea mara mbili.