Laini Thelathini Kabla ya Saa Sita

Watu wa soko la bondeni walimwita Mama Mwavuli, na nadhani hata mumewe, akiulizwa jina lake halisi, angeomba kwanza aangalie kitambulisho. Miaka sita alikaa chini ya mwavuli wa rangi ya machungwa, mlangoni mwa soko, akiuza laini za kampuni ya simu ndogo kuliko zote mjini. Kabla ya hapo alikuwa opereta hospitalini, yule wa "subiri nikuunganishe," mpaka ikaletwa mashine ikachukua kiti chake. Wenzake walikwenda kuuza nguo. Yeye alikataa katakata. "Kazi yangu ni kuunganisha watu," alisema, na hapo huambii kitu.

Tabu ni kwamba soko zima lilikuwa la kampuni kubwa, ile yenye matangazo redioni na fulana za bure. Kitu kimoja tu haikuwa nacho: mtandao bondeni. Mnara wake ulikuwa ng'ambo ya kilima. Lakini mtu huzoea. Nyuma ya vyoo palikuwa na ngazi ya zege ya kupandia barabarani, ambako mtandao ulipatikana, na watu wakaibandika jina "ofisini." "Nishikie meza, naenda ofisini mara moja," mtu anaaga, kisha unamkuta juu ya ngazi na fundi saa na muuza viatu, kila mmoja akipayuka siri za nyumbani kwake, na hakuna anayeona ajabu.

Miezi miwili nyuma, kampuni ndogo ilifunga antena juu ya paa la kinu cha nafaka, hatua chache kutoka sokoni. Mama Mwavuli alitangaza habari hiyo mpaka koo likamkauka. Wakamcheka.

"Kampuni yenyewe ina wateja wawili," alisema muuza vitunguu, shoga yake wa miaka mingi. "Wewe na mumeo. Na mumeo umemlazimisha."

Jumatatu akaja msimamizi wake, kijana ambaye yeye Mama Mwavuli angeweza kabisa kumzaa.

"Shikamoo mama. Ofisi inataka laini thelathini. Mwisho Jumamosi, saa sita mchana. Zisipofika, mwavuli tunauhamishia stendi, tunampa mtu mwingine."

"Marahaba," alijibu Mama Mwavuli, maana alilelewa vizuri, ingawa moyoni alikuwa na neno jingine.

Mpaka Ijumaa jioni alikuwa ameuza nne. Mumewe, dereva mstaafu, alimwambia pengine ni wakati wa kupumzika. "Nikifa nitapumzika sana tu," akamjibu, akaenda kupiga pasi fulana yake ya kazi. Lakini alikuwa na hofu. Kiti kimoja alishanyang'anywa, na alijua uchungu wake.

Jumamosi asubuhi, kana kwamba hayo hayatoshi, likaja lori la kampuni kubwa. Lilisimama juu barabarani na spika zenye ukubwa wa makabati, na mshereheshaji aliyevaa miwani ya jua akaanza kumwaga maneno. Kulikuwa na bahati nasibu: anachomoa kuponi, anapiga namba iliyoandikwa, simu ikiita ukapokea, unaondoka na simu mpya kabisa. Watu wote wa soko walikuwa wamejaza kuponi. Mama Mwavuli akashika tama.

"Na mshindi wetu ni... muuza vitunguu, meza ya kumi!"

Muuza vitunguu akapanda juu ya meza yake, meno yote nje, simu juu hewani.

"Kaa hapo hapo mama, usisogee! Nakupigia sasa hivi, soko zima lisikie!"

Akaweka kipaza sauti kwenye simu yake. Spika zote mbili zikanguruma kwa sauti tamu ya kike: "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye."

"Napatikana!" muuza vitunguu akapiga kelele. "Si mimi hapa!"

Mshereheshaji akapiga tena. Haipatikani. Akapiga mara ya tatu, na yule dada wa kwenye spika hakubadilisha hata herufi. Soko likacheka, kisha kicheko kikakatika. Watu walikuwa wanawaza simu zote walizozikosa miaka yote ile, za wagonjwa, za watoto, za wateja.

Kwenye ukimya ule simu ya Mama Mwavuli ikaita.

Alikuwa msimamizi, bila shaka akitaka kumwambia aanze kufungasha. Mama Mwavuli alilitazama jina lake kwenye kioo, asipokee. Akainyanyua simu juu ya kichwa, akaiacha iite. Ikaita, ikaita, vichwa vikageuka meza baada ya meza, naye amesimama kifua mbele, akitabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu hospitalini, alijisikia yuko kwenye kiti chake.

Muuza vitunguu alishuka mezani akaja mbio. "Shoga, ukihama unahama na namba yako?"

"Ile ile. Nipe kitambulisho. Na leo usiniletee utani."

Saa sita kamili msimamizi aliwasili na gari la kubebea mwavuli. Alikuta foleni imezunguka kona ya soko, akajaribu kupenya.

"We kijana, panga mstari!" muuza vitunguu akamkemea. Alikuwa amejipa kazi ya kusimamia foleni.

"Mimi siyo mteja. Nimekuja kuchukua mwavuli."

Watu wakaangua kicheko. Mama Mwavuli hakuinua hata macho. Alikuwa ameshika kidole cha fundi saa juu ya mashine ya alama za vidole, laini ya arobaini na saba.

"Mwanangu," alisema taratibu, kwa sauti yake ile ya hospitalini, "zimebaki laini tatu. Umeniletea ngapi?"