Karani na Rula Yake

Leo nimemfundisha karani wa chuo kushika rula!

Binti yangu Nekesa amehangaika na utafiti wake wa uhandisi wa kemikali miaka mitatu. Asipokabidhi kitabu cha utafiti huo leo, digrii ya pili ni mpaka mwakani. Nikamsindikiza hadi ofisini kwa karani.

Karani hakusoma hata mstari. Akachukua rula, akapima nafasi nyeupe ya kushoto mwa ukurasa.

"Tatu na nusu. Tunataka sentimita nne. Kachape upya."

"Ssebo, bwana wangu, unaanzia kwenye ncha ya rula. Anzia kwenye sufuri."

"Mama, kwani wewe umesoma wapi?"

"Kwenye cherehani, mtaani Bukoto."

Akapima tena. Nne kamili! Akagonga muhuri bila kuniangalia.

Na huyo ndiye anayewapima watoto wetu. Mafundi wenzangu, mngempa hata pindo la pazia apime?