Alijua Namna Gani?

Nina hasira, sifichi. Kila nikisikia watu wa Lubumbashi wakijisifu kwamba siku hizi wamesoma, wameamka, naikumbuka avenue yetu kule Hewa Bora, na nacheka peke yangu, tena kicheko kibaya.

Mama yangu alikuwa na kisima kwenye lupango lake, yaani ndani ya kiwanja chake. Bomba la mtaa likikauka, na lilikauka kila mara, majirani walikuja na bidoni zao kuchota, bure. Jirani wa upande wa kushoto, bwana mwenye heshima zake aliyefanya biashara kule mpakani Kasumbalesa, alichota kuliko wote. Basi akaanza kujenga, akachimba shimo la choo. Wapi? Nyuma ya ukuta tu, palepale kisima kilipo upande wa pili.

Mama hakujua kuzungusha maneno. Alijifunga kitenge akaenda, mimi nyuma yake.

"Baba, hii choo itaingia mu mayi ya kisima. Na weye unakunywa ile mayi! Batoto batagonjwa. Wako njo wa kwanza, sababu iko mudogo."

Bwana akacheka. "Mama, si kuko ukuta?"

Kuko ukuta! Yaani uchafu ufike chini ya ardhi, ukute ukuta, upige hodi, urudi ulikotoka. Nimesikia upumbavu mwingi maishani, lakini ule ulikuwa umevaa suti na tai.

Mvua zikaja. Mtoto mdogo wa yule bwana akashikwa na homa, tumbo likamvuruga, akabaki mifupa. Hospitalini munganga akasema ni tifoidi, akauliza wanakunywa maji gani. Mtoto akapona, Mungu asifiwe. Nikadhani sasa bwana atakuja kusema, mama, utusamehe, tutafukia shimo. Thubutu!

Walikwenda kwenye kikundi chao cha maombi kuuliza nani anamtafuta mtoto wao kwa bulozi, kwa uchawi. Na jibu walikuwa nalo tayari: nani alisema mtoto atagonjwa kabla hajagonjwa? Alijua namna gani? Swali hilo likatembea avenue nzima, nyumba kwa nyumba. Mwalimu mmoja, mtu wa diploma, alinivuta kando akaninong'oneza: "Ndugu, miye siamini mambo ya bulozi. Lakini, kweli, alijua namna gani?" Nilitamani kumzaba kofi, naapa.

Wanawake wakaacha kumsalimu mama. Akipita, watoto wanavutwa ndani. Lakini maji waliendelea kuchota, kimya kimya, bila hata kusema asante. Mama walimwogopa, kisima chake hawakukiogopa. Elewa wewe kama unaweza, mimi nimeshindwa.

Siku mawe yalipoanza kuanguka juu ya bati lake, mchana kweupe, nilifunga vitu vyake na kumchukua. Alilia njia nzima. Ile nyumba aliijenga na marehemu baba, tofali kwa tofali, na sisi sote tulizaliwa mle. Mimi pia nililia, kwa uchungu na kwa hasira.

Sasa anaishi nasi upande wa Karavia, kwenye lupango la wapangaji wengi. Msimu wa baridi uliopita, asubuhi moja, nilitoka dukani nikamkuta jirani yetu, dada mwenye mtoto mchanga, akiziba dirisha la chumba chake kwa matambara. Mtoto kamlaza ndani, kando ya mbabula, lile jiko la mkaa, iliyojaa makaa mekundu. Akafunga mlango ili joto lisitoke, akaenda kufua.

Hewa ya makaa kwenye chumba kilichozibwa huua. Nilisukuma mlango, nikaitoa mbabula nje, nikararua matambara. Yule dada akanitukana, nami nikamrudishia. Mtoto alikuwa mzima, analia.

Ndipo nikageuka nikamwona mama. Alikuwa ameketi mlangoni petu, uso umeelekea chumba cha yule dada, anachambua majani ya sombe. Alikuwa hapo tangu mwanzo.

"Mama, haukumuona?"

"Nilimuona."

"Na haukusema kintu?"

Hakuinua kichwa.

"Nikisema, na hapa bakanifukuza, utanipeleka wapi tena?"