Salamu Ndefu za Mama Salome

Ukienda kununua michembe kwa Mama Salome pale sokoni Segese, usiwe na haraka. Kabla hajakupakulia viazi vyake vikavu vilivyopikwa na karanga, atakusalimia. Atauliza umeamkaje, watoto wameamkaje, wazee, ng'ombe hata kama huna, kisha atamalizia na aliyesafiri: amefika wapi, anarudi lini? Kwake, mtu wako akiwa safarini na jirani asiulize, jirani huyo amekutukana. Mimi Dorah, ninayechaji simu na kuuza vocha kibanda cha pili, nimeona wachimbaji wa dhahabu wenye njaa wakichoka kuulizwa na kuhamia kwa muuza maandazi. Mama Salome hana habari nao. Wanaobaki wanashiba.

Jina lake hasa ni Nyamizi. Maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe, na Mungu kwa vituko vyake akamchukua binti yake wa pekee akampeleka jeshini, tena kwa wanamaji. Ndugu waliokuwa wakihesabu ng'ombe wa mahari walinuna mwaka mzima. Mama yeye hakununa, aliogopa tu. Alikuwa akiniuliza meli ikiharibikia katikati watu wanashukia wapi.

Salome alipokaribia kwenda baharini kwa mafunzo ya miezi miwili, alimwingiza mama yake kwenye kundi la WhatsApp la familia za wanamaji. Mle wamo mama, wake, na waume wawili watatu, kutoka Tanga mpaka Mtwara. Kule majini simu haishiki, kwa hiyo kila Jumapili msimamizi wa kundi, Mariana, mke wa mwanamaji anayeishi Dar es Salaam, anaandika mstari mmoja anaopewa na kikosi: wote wazima. Mama Salome aliishi kwa mstari ule.

Kusoma kunampa shida, kwa hiyo msomaji wake nilikuwa mimi. Siku ya kwanza zililetwa kanuni kumi na moja za kundi. Nikamsomea tatu, akaja mteja wa vocha, nikamwambia, "Mengine ni hayo hayo, mama." Naliandika hili hapa kwa sababu sipendi kulisema kwa mdomo.

Basi akaanza kutuma salamu zake kwa sauti, kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto. Aliwataja watu mmoja mmoja. Nilidhani watamchoka, kumbe walimpenda. Mwamvua, binti wa Tanga mwenye mimba ya kwanza na mume aliye melini, alijifunza kuitikia "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma, kwa lafudhi ya pwani, na Mama Salome akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Jumatano moja akamgeukia huyo Mwamvua. "Mwanangu, baba mtoto amefika wapi? Wa kwangu alinidokezea wanaelekea wapi," akataja mahali, "na watarudi wiki ile," akaitaja na wiki yenyewe. Ni salamu, kama anavyomsalimia mtu yeyote. Ila kanuni ya nne, niliyoiruka, ilisema meli inakokwenda na siku ya kurudi havitajwi kamwe. Kabla uji haujachemka ujumbe ulikuwa umefutwa na Mama Salome ametolewa kundini.

Mtu mzima mwenye akili angemweleza palepale. Mimi nilimwandikia Mariana kuomba radhi, nikaona amesoma na hakujibu, nikaona aibu. Asubuhi iliyofuata Mama Salome alipokuja na simu yake, nilifungua namba yangu badala ya kundi, nikamwambia azungumze. Salamu zikawa zinakuja kwangu. Siku tatu nilikaa kibandani nikisikiliza mwanamke anayemuulizia Mwamvua kama mtoto anacheza tumboni, naye Mwamvua hasikii.

"Mbona hawaitikii?" aliuliza.

"Mtandao, mama. Unasumbua."

Alinitazama usoni, nikageukia chaja zangu. Jumapili nayo ikapita. Nikamwambia Mariana hajaandika.

Jumatatu hakufika sokoni. Nikaenda kwake. Nilimkuta uani, amefagia mpaka njiani, ameegemeza kuni nyingi ukutani, na mikeka mitatu imetandikwa kivulini. Kichwani amefunga kanga nyeusi. Masufuria makubwa ya jirani yalikuwa mlangoni.

Nilielewa. Kwetu huku mzazi haambiwi msiba wa mtoto wake ghafla. Watu hunyamaza kwanza, wanamkwepa macho, wanasema vitu vya uongo uongo, mpaka wakubwa wafike wamkalishe. Kwa siku tano nilikuwa nimemfanyia hayo yote, moja baada ya jingine, kama niliyetumwa.

"Wanakuja saa ngapi, Dorah?" aliniuliza, sauti yake ya kawaida kabisa. "Nataka niwe nimeshapika. Wametoka mbali."

Nikapiga magoti palepale. "Mama, hakuna anayekuja. Salome hajafa. Walikutoa kundini, na kosa ni langu, sikukusomea kanuni. Nilikudanganya."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema, "Wanaotumwa ndivyo wanavyosema," akaendelea kukunjua mkeka wa nne.

Nikatoka nje ya ua nikampigia Mariana. Alipokea kwa ukali, mimi nikawa mkali zaidi.

"Dada, ningefanyaje?" alisema. "Mle tuko watu mia na zaidi. Neno moja likitoka, watakaodhurika ni waume zetu walioko huko. Kanuni alisomewa."

"Hakusomewa. Nilifanya uvivu mimi. Sasa ametandika mikeka, dada. Anasubiri aletewe maiti. Mimi haniamini tena."

Nikamsikia Mariana anavuta kiti. "Mpelekee simu," alisema.

Nikaweka sauti ya nje, nikamshikisha mama.

"Shikamoo, mama," Mariana akasema. "Mwangaluka."

Mama Salome alikaa mkekani taratibu. "Marahaba, mwanangu. Mwangaluka. Umeamkaje?"

Na Mariana akaitikia yote. Akajibu ya nyumba, ya watoto wawili, ya mama mkwe mwenye presha, ya ng'ombe asiokuwa nao. Hakumharakisha hata mara moja. Ndipo akasema, "Salome ni mzima, mama. Jana niliandika, wote wazima. Naapa kwa wanangu hawa. Nilikutoa kwa hasira ya kuogopa, unisamehe. Nakurudisha sasa hivi."

Mama Salome alivua ile kanga nyeusi kichwani, akaikunja mara nne mapajani. Nami nililia waziwazi, sikuona haya.

"Ahsante," alisema. Nilidhani atakata simu. Lakini alikuwa hajamaliza kusalimia. "Na wako je, mwanangu? Baba watoto amefika wapi? Anarudi lini?"

Nikafumba macho. Kanuni ya nne, tena kwa msimamizi mwenyewe.

Mariana akasema, polepole, "Sijui, mama. Hata mimi huwa siambiwi." Akavuta pumzi. "Mwaka wa tatu huu naandika wote wazima. Hakuna aliyewahi kumuulizia wangu."

Tukamsikia analia. Mama Salome hakumwambia nyamaza. Alisogea pembeni ya mkeka, kama anayempisha mgeni akae, akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Lia, mwanangu," alisema. "Mimi leo siendi sokoni."